Wazee wananyimwa maji kuanzia alasiri, na aliyetoa amri ndiye aliyeniokoa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Tabora. Nafanya kazi ya uhudumu kwenye makao ya wazee yanayoendeshwa kwa michango ya wafadhili. Jina la makao sitalitaja, na langu naomba ulifiche.

Kazi yetu ni kuwaogesha wazee, kuwalisha wasioweza kushika kijiko, kufua, kuwapeleka msalani na kuwapa dawa kama daktari alivyoandika. Wazee wamezidi ishirini, na zaidi ya nusu yao hawainuki bila kushikwa. Mchana tunakuwa wahudumu wawili na mpishi. Usiku anabaki mmoja peke yake.

Shida yangu ni hii. Tangu mwaka jana msimamizi wetu ametoa amri kwamba ikishafika saa 9 alasiri, mzee hapewi tena maji wala chai mpaka chai ya asubuhi saa 1. Uji wa jioni umeondolewa, siku hizi ni ugali na maharage. Saa 12 wote wawe wamelala. Sababu zake amezieleza: nepi za watu wazima ni ghali, sabuni haitoshi, masika mashuka hayakauki, na mtu mmoja hawezi kubadilisha wazee wote usiku. Hapo hasemi uongo. Nimeshika zamu ya usiku, najua unavyofika alfajiri mgongo hauna hisia.

Lakini Shangazi, hebu fikiria joto la huku kwetu mwezi huu wa kumi, mvua bado haijashuka. Ukipita kati ya vitanda usiku unawaona wanavyolamba midomo. Kuna bibi huniita kwa kunong'ona, "Mwanangu, hata kijiko kimoja." Huwa nawapa. Naficha jagi nyuma ya kabati la mashuka, nazunguka nalo gizani ili mlinzi asione taa akaenda kusema.

Kuna bibi mwingine hapa, alikimbia kijijini kwao baada ya kuitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu. Ni mtu wa akili timamu, kumbukumbu zake zinapita zangu. Miezi michache iliyopita alibadilika ndani ya siku mbili tu. Akawa anaongea na marehemu mumewe, hajui yuko wapi, anavua nguo mbele za watu. Mwenzangu mmoja akasema ni uzee. Mwingine akasema, "Ni yale mambo yake ya kijijini yanamrudia." Nilibembeleza mpaka akapelekwa hospitali. Daktari akasema ana maambukizi kwenye njia ya mkojo na mwili umekaukiwa maji. Akatundikiwa dripu, akapewa dawa. Baada ya siku chache nilipoingia wodini asubuhi akanisalimia "Mwangaluka" kwa sauti yake ileile, nikatoka nje kulia.

Nilimweleza msimamizi maneno ya daktari. Tulikuwa jikoni, mpishi na mwenzangu wapo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nimeanza kulea wazee wewe hujajua hata kuosha vyombo. Usinifundishe kazi." Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu huyu mama ndiye aliyenipokea. Mume wangu alikwenda machimboni, hajarudi na hajatuma neno. Mama yangu mzazi ni marehemu. Huyu akanipa chumba, akanunulia wanangu sare za shule, akanifundisha kazi hii tangu kumgeuza mgonjwa kitandani. Namwita mama na sijifanyi. Wala si mtu mbaya. Michango ilipokwama aliuza ng'ombe wake mwenyewe akanunua unga wa wazee, na hakumtangazia mtu.

Sasa wageni wa ustawi wa jamii kutoka halmashauri wanakuja kukagua. Mimi ndiye niliyepangwa kuwatembeza, eti naongea vizuri. Nimeshaambiwa cha kusema: wazee wanakunywa maji wakati wowote wanapotaka. Siku hiyo yatatandikwa mashuka mapya.

Babu mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli aliniuliza juzi, "Wakija hao wageni, utasema wewe au tuseme wenyewe?" Usiku uleule yule bibi wa macho mekundu akanishika mkono akasema, "Usiseme kitu. Wakifunga hapa, mimi nitarudi wapi? Kule wananisubiri na mapanga."

Mwenzangu wa zamu ananiambia nile ugali wangu ninyamaze. Shangazi, nikisema si nitakuwa nimemlipa mama yangu ubaya kwa wema? Nikikaa kimya na mzee akafa, nitaishije? Haya maji ninayotoa kwa siri niendelee nayo? Na je, hawa wazee wawili niwaambie nimeamua nini kabla ya siku kufika?

Mhudumu, Tabora

*

Marahaba mwanangu.

Umenipa maswali manne, nami nitaanza na la tatu, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri siku kadhaa na la maji haliwezi.

Kutoka saa 9 alasiri mpaka saa 1 asubuhi ni saa 16. Wewe na mimi tukikaa saa hizo bila maji mwezi wa kumi huko Tabora tutaumwa kichwa, tutatafuta mtungi. Mzee hana nafasi hiyo. Umri unapokwenda mwili hubeba akiba ndogo ya maji, figo haziyatunzi kama zamani, na kiu yenyewe hupungua, kwa hiyo mzee anaweza kuwa amekauka na asiombe. Wale wanaokuita kwa kunong'ona ni wale ambao kiu yao bado inasema. Mimi ninawaogopea zaidi walio kimya kwenye kona. Waangalie ulimi kama umekauka, mkojo kama umekuwa na rangi nzito, kizunguzungu wanapoinuliwa, choo kigumu. Tena mzee yeyote akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, huo ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali. Uzee hauji kwa siku mbili. Uliona kwa yule bibi, na ukasimama naye mpaka akatibiwa. Ungesikiliza waliosema ni "mambo yake", pengine leo tungekuwa tunaongea habari za msiba.

Na hapo naomba unikubalie nitoke kidogo kwenye mada. Macho mekundu ya bibi zetu wa Unyamwezini na Usukumani yametokana na moshi, miaka mingi ya kuinamia mafiga jikoni kwa kuni, na kwa wengine samadi kavu ya ng'ombe. Wanawake wameuawa katika mikoa yetu hii kwa sababu ya macho waliyoyaharibu wakitupikia. Huyu amekimbia mpaka akafika kwenu, halafu anaugua na mhudumu anasema yaleyale aliyoyakimbia. Mwenzako huyo namchukulia kuwa hajui, na mtu asiyejua anafundishika. Mwambie alichosema daktari, kwa maneno ya daktari, wakati hakuna mtu mwingine anayesikiliza.

Sasa jagi lako la siri. Sitakuambia uwaache na kiu. Ila utoaji wenyewe una hatari ambazo huenda hujazifikiria kwa kuwa akili yako yote iko kwa mlinzi na taa. Mzee aliyelala chali akinyweshwa gizani anaweza kupaliwa, maji yakaelekea mapafuni, ikaja nimonia. Mwinue kwanza, kichwa na mgongo vikae wima, mpe kidogokidogo, mwache ameketi kwa muda kabla ya kumlaza. Kwa waliopooza upande mmoja au wanaokohoa wakinywa, ongeza uangalifu mara mbili. Halafu wako wazee wenye ugonjwa wa moyo au figo ambao daktari amewapimia kiasi cha maji kwa siku. Hao unawajua? Kama hujui, uliza, maana huruma ya usiku inaweza kumjaza mtu maji mapafuni. Jambo la mwisho kuhusu siri hii: kwa kuwa hakuna kinachoandikwa, anayeshika zamu baada yako hajui nani amekunywa na nani hajanywa tangu jana. Unawasaidia usiku wa zamu yako. Usiku wa mwenzako je?

Ndiyo maana naona mawazo yangu yanarudi kwenye amri yenyewe na kwa huyo mama.

Umeandika kana kwamba ameshakataa. Mimi nilipoisoma ile habari ya jikoni niliona mwanamke mtu mzima anaambiwa na binti aliyemlea, mbele ya mpishi, kwamba anavyoendesha nyumba yake kunaumiza watu. Wangapi kati yetu wangejibu vizuri? Huenda alikataa ushauri. Huenda pia alikataa kuaibishwa, na maneno ya daktari yakamwingia usiku mwingine akiwa peke yake. Mimi siwezi kujua lipi ni kweli, na nadhani wewe pia bado hujui. Tena mtu aliyeuza ng'ombe wake wazee wale unga hakuweka amri hiyo kwa kuwachukia. Amebanwa na sabuni, nepi na usiku wa mtu mmoja, akakata pale ambapo hakuna risiti. Nepi ina bei inayoonekana dukani, kiu ya bibi haina.

Ukienda kwake tena, nenda faragha, kwa lugha ya mtoto kwa mamaye, na nenda na kitu mkononi. Karatasi ya hospitali ya kumruhusu yule bibi ipo? Ina maneno ya daktari, na karatasi haina umri wa kuambiwa inamfundisha mkubwa kazi. Nenda pia na hesabu, maana naamini hesabu ndiyo inayomnyima usingizi. Dripu, dawa, gari la kwenda na kurudi, mhudumu aliyeondolewa zamu kwenda kukaa wodini: hayo yote yaligharimu kiasi gani, ukilinganisha na nepi zilizookolewa?

Halafu mpe njia nyingine, usimwachie tatizo lilelile. Kinachosaidia kupunguza kukojoa usiku ni kunywesha sana tangu asubuhi mpaka jioni mapema, kisha kupunguza kwenye saa mbili hivi za mwisho kabla ya kulala. Kwa kuwa mnawalaza saa 12, mnaona lazima mfunge maji alasiri. Wakilala saa 2 au saa 3 usiku, wale wanaoweza kukaa kwenye kiti wakapunga upepo chini ya mwembe wakiongea, unapata jioni nzima ya kuwanywesha, na zile saa za kulala kwenye shuka lililolowa zinapungua. Uji urudi jioni. Maembe yakianza kuiva, hayo nayo ni maji, na supu, na tikiti. Kila mzee apelekwe msalani au awekewe poti kabla ya kulala, kisha mhudumu wa zamu apite kwa saa zinazojulikana, tuseme saa 5 na saa 10 usiku, awaamshe wale wanaojulikana kulowesha. Wanaomeza dawa za presha za kukojosha, muulizeni daktari kama zinaweza kuwa za asubuhi. Chini ya shuka pawe na mpira, juu yake kitambaa kinene kilichokunjwa, ili likilowa mbadilishe kitambaa badala ya shuka zima. Na mwambie jambo ambalo wengi hatulitarajii: mkojo wa mtu aliyekauka maji ni mzito, unachokoza kibofu, unamfanya mzee abanwe mara kwa mara. Kumnyima maji hakuhakikishi shuka kavu.

Kwa wasioweza kujigeuza kuna jambo jingine zito. Mzee anayelala upande mmoja usiku kucha, ngozi imekauka na shuka limelowa, ndiye anayepata vidonda vya mgongoni na kwenye nyonga. Kawaida inayofundishwa ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Mtu mmoja kwa wazee zaidi ya ishirini hawezi kufanya hivyo hata akiwa na moyo wa malaika, na hili nataka ulisikie vizuri kwa sababu kwenye barua yako unajibebesha kila kitu. Upungufu wa mtu wa pili usiku ni jambo la uongozi, wafadhili na serikali. Wewe unalikuta zamu inapoanza.

Uzito wa njia hii ni kwamba inaweza kushindikana. Anaweza kukasirika, akakuondoa kwenye ugeni, akakupangia usiku mfululizo, akakunyima chumba. Una watoto. Kabla hujaingia kuongea naye jiulize, wiki ya kwanza nikitoka hapa nitalala wapi na wanangu? Kama jibu halipo, litafute kwanza, hata kama hutalihitaji.

Sasa ugeni. Unaona njia mbili, kusema au kunyamaza. Mimi naona ulichoombwa ni cha tatu. Hukuombwa kunyamaza. Umeombwa kutamka kwamba wazee wanakunywa maji wakati wowote, mbele ya wazee wenyewe wakikusikia. Je, deni lako kwa huyu mama linafika mpaka hapo? Nakuuliza kwa sababu wewe peke yako ndiye unayejua uzito wa chumba, sare na mafunzo aliyokupa. Mwanamke mmoja angekuambia wema wa namna hiyo haulipiki. Mwingine angekuambia kwamba aliyekufundisha kumgeuza mgonjwa kitandani alikufundisha kumjali, na unachokifanya leo ni kazi ya mikono yake. Yote mawili nayaona yana ukweli ndani yake, na sitajifanya kuchagua kwa niaba yako.

Unaweza kumwomba akutoe kwenye kutembeza wageni. Utabaki na dhamiri yako, hutasema uongo, lakini pengine atapewa mwingine atakayeusema bila kusitasita, na wazee wabaki palepale. Unaweza kuwatembeza na ukajibu kweli utakapoulizwa, bila kushtaki mtu: "Kuanzia saa 9 alasiri hatuwapi maji kwa sababu nepi hazitoshi na usiku niko peke yangu." Sentensi hiyo inasema kweli yote na inaomba msaada palepale. Hata hivyo, kwa mama yako inaweza kusikika kama usaliti, hasa akiwa hakuandaliwa. Ukimwandaa kabla, ukamwomba mseme pamoja kama maombi ya makao, huenda akaona wageni kama watu wa kubebeshwa mzigo wake. Kuficha upungufu kwa mashuka mapya kunawapa wakaguzi sababu ya kuondoka bila kuacha chochote.

Njia nzito zaidi ni kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wewe mwenyewe, kimyakimya, kabla au baada ya ugeni. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaopeleka taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka zinazohusika. Ila sehemu zetu ndogo mtu hujulikana kwa mwendo wake, na makao yenye wahudumu wachache namna hiyo hayahitaji upelelezi kujua nani amesema. Ukifikiria kwenda huko, ongea kwanza na msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe. Huduma hiyo imewekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Muulize hasa unalindwa vipi kazini na kwenye chumba unachokaa, maana chumba si mshahara.

Kuna hali moja tu ambayo sitaki uipime kwa mizani hii. Ukimwona mzee amechanganyikiwa ghafla, au hawezi kuamshwa vizuri, au hajakojoa tangu jana, huyo anakwenda hospitali usiku huohuo, ruhusa itolewe au isitolewe. Mengine yote tunayoyajadili yana nafasi ya kufikiriwa.

Hofu ya bibi nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko zote. Anaamini ukisema, makao yatafungwa. Nadhani na wewe unaamini hivyo. Inawezekana, siwezi kukuahidi kwamba haitatokea. Lakini ukaguzi una ngazi nyingi kabla ya kufunga: kuelekeza, kutoa muda wa kurekebisha, kurudi kuangalia. Afisa anayefunga makao anabakiwa na wazee zaidi ya ishirini mikononi mwake, na hakuna afisa anayekimbilia hapo. Hata ikifika huko, serikali ina makazi yake ya wazee, kama Ipuli hapo Tabora mjini na Kibirizi kule Kigoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee alelewe na familia na jamii yake kwanza, makazi yawe kimbilio la mwisho, na hapo ndipo hofu ya bibi ina msingi: mtu asiyejua habari zake anaweza kuona ana ndugu kijijini, akafikiri anamtendea wema kumrudisha kwao. Kwa hiyo chochote utakachoamua kuhusu maji, habari ya bibi huyu kutishiwa kuuawa inapaswa kuwa imeandikwa kwenye faili lake na kufika kwa afisa ustawi, kwa ridhaa yake. Je, imeandikwa? Hilo unaweza kulifuatilia kesho bila kugombana na mtu yeyote.

Na tazama jinsi hawa wawili walivyokujia. Babu wa reli alikuuliza nani aseme. Bibi alikuomba usiseme. Wote wanazungumza kuhusu maisha yao wenyewe, na katika barua yako yote sijaona mahali walipowahi kuketishwa pamoja wakaulizwa wanatakaje jioni zao. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee. Ni haki yao, lakini mimi na wewe tunaizungumza juu ya vichwa vyao kama wamelala. Babu anaonekana yuko tayari kusema mwenyewe. Akisema yeye, wewe utaepuka lawama, lakini atakayebaki na msimamizi baada ya wageni kuondoka ni yeye, na yeye hawezi kuhama. Analijua hilo? Muulize.

Kwa hiyo swali lako la nne, kama uwaambie kabla ya siku, nakurudishia likiwa limegeuka kidogo: kwa nini wawe wa kuambiwa uamuzi, wakati bado hujaufikia? Kaa na bibi wakati wa kumwogesha, ambapo hakuna anayeharakisha. Mweleze kwamba kuna Ipuli, mweleze kuhusu faili, kisha umsikilize hofu yake inabaki na ukubwa gani. Kaa na babu, umwambie bibi anaogopa nini bila kutaja jina lake, uone kama bado anataka kusema na kwa maneno gani. Wanaweza kukupa majibu yanayopingana, na utabaki na ugumu uleule. Lakini utaingia kwa mama yako, au kwa wageni, ukiwa unajua wenye kiu wenyewe wamekutuma useme nini na wamekukataza nini.

Shangazi yako